Mwaka wa Kichina Tianjin, na Dar es Salaam iliyo kwenye simu

Swali la safari hii limetoka kwa binti wa Mbagala Rangi Tatu, mwenye miaka 21. Amepata ufadhili wa serikali ya China kusomea uhandisi wa ujenzi, na kabla ya kuanza shahada atakaa Tianjin mwaka mmoja kusoma lugha tu, kuanzia Septemba. Anaandika:

"Shikamoo Mwalimu. Nimeambiwa vipindi ni kila siku, mazoezi ni mpaka usiku, na kabla ya likizo ya kiangazi kuna mtihani ambao ukifeli shahada huipati. Mimi ni kifungua mimba, mama ana presha, na mama mdogo ana duka la mikoba Kariakoo, Mtaa wa Congo; anasema sasa nitakuwa jicho lake huko. Nitapiga msuli saa zote hizo na bado niishi, nipike, niswali, niongee na nyumbani? Naogopa kukosa vyote viwili."

Marahaba, binti yangu, na hongera sana. Kichina utakiweza. Nimewaandaa vijana wengi wa hapa mjini kwa mwaka kama huo wako, na ni wachache niliowaona wakishindwa kwa ugumu wa lugha yenyewe. Walioyumba, wengi wao waliangushwa na usingizi. Mchana walikuwa Tianjin au Wuhan, usiku walikuwa Dar es Salaam kwa simu, na mwili mmoja haukutosha miji miwili. Kwa hiyo nitaanza na saa na simu, ingawa wewe umeuliza zaidi kuhusu masomo.

China nzima inatumia saa moja, nayo iko mbele ya saa yetu kwa saa tano mwaka mzima. Vipindi vyako vitaanza kama saa mbili asubuhi, wakati Dar ni saa tisa usiku. Ukitoka darasani saa sita mchana, huku ni saa moja asubuhi, mama yuko kituoni anasubiri usafiri. Saa tatu usiku, unapotakiwa kuwa umeinamia daftari, Kariakoo ni saa kumi jioni na duka limejaa wateja. Baadaye mama mdogo anafunga duka, anakaa kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa, anafika nyumbani, anakula, na saa tatu usiku ndipo anapata nafasi ya kukaa na kukukumbuka. Kwako hiyo ni saa nane usiku. Simu italia kwa upendo mtupu, na utapokea kwa sababu ni mama yako. Usiku wa kwanza hautaona athari. Ukifululiza wiki nzima, utakuwa unakaa darasani huku maneno ya mwalimu yanapita juu ya kichwa, na katika kozi ya namna hii somo la Jumatano limejengwa juu ya la Jumanne. Anayepoteza siku mbili hapotezi siku mbili tu, maana wenzake hawamsubiri.

Fanya hivi. Simu ya mama ya kila siku iweke kwenye mapumziko yako ya mchana. Vyuo vya China vina mapumziko marefu baada ya chakula, na wengi hulala kidogo. Saa sita na nusu yako ni saa moja na nusu asubuhi ya mama, muda mzuri wa kumuuliza kama amemeza dawa ya presha. Dakika kumi zinatosha. Mazungumzo marefu, yale ya kucheka na kupeana habari za mtaa mzima, yaweke Jumapili saa kumi jioni, ambapo Dar ni saa tano asubuhi. Usiku simu inyamaze. Kwa dharura ya kweli, mchague mdogo wako anayekufuata awe ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kukuamsha, apige simu ya kawaida kwenye laini yako ya China. Simu nyingi zinaweza kunyamazisha kila kitu isipokuwa namba uliyoichagua.

Na jambo hili liseme kabla hujaondoka, pale ndugu watakapokusanyika kukuaga, mbele ya mama na mama mdogo. Utaratibu ukitangazwa ukiwa umekaa nao mkekani, unaonekana ni utaratibu wa mwanafunzi. Ukitangazwa Novemba kwa ujumbe, baada ya kukosa simu tatu, unasikika kama maringo: amefika China, amebadilika. Nimeona ndugu wakinuniana muhula mzima kwa jambo ambalo lingeisha kwa maneno mawili kabla ya safari.

Kuna la kiufundi pia. WhatsApp, Instagram, YouTube na huduma za Google, pamoja na Gmail, hazifunguki kwa intaneti ya kawaida ya China bara. Mawasiliano yote ya huko ni WeChat. Akaunti mpya ya WeChat mara nyingine inataka mtu mwingine mwenye akaunti aithibitishe, kwa hiyo wafungulie mama na mama mdogo ukiwa bado Mbagala, ukae nao, uwafundishe kutuma ujumbe wa sauti. Ujumbe wa sauti utakuokoa, maana mama anaongea akiwa jikoni saa mbili usiku, nawe unamsikia asubuhi unapopiga mswaki. Kabla ya safari pakua pia kamusi ya Pleco na programu ya kadi za kukumbushia kama Anki, kwani simu ya Android ikishafika kule duka la Google halifunguki. Na kama chuo kinakuandikia kwa Gmail, wape anwani nyingine mapema.

Sasa masomo. Kwanza ujue mwaka huu unakupeleka wapi, kwa sababu hofu yako nyingi inatokana na kudhani kwamba mpaka Juni uwe umekijua Kichina. Hakuna anayekijua kwa mwaka. Chuo cha Marekani kinachowafundisha lugha wanadiplomasia wao kinakadiria saa 2,200 za darasani kwa Kichina. Wewe, ukisoma saa 20 hadi 25 kwa wiki kwa wiki kama 36, utapata kati ya 700 na 900. Saa hizo zinakufikisha mlangoni, na mlango wenyewe kwa kawaida ni ngazi ya nne ya HSK, mtihani rasmi wa Kichina kwa wageni, au mtihani wa kozi wa kiwango kinachokaribiana nayo. Katika mpangilio wa ngazi sita, ngazi ya nne ni maneno 1,200, na unafaulu kwa alama 180 kati ya 300. Mwaka 2021 China ilitangaza viwango vipya vya ngazi tisa vyenye orodha ndefu zaidi, hivyo ukifika uliza chuo chako kinapima kwa orodha ipi. Vyovyote iwavyo, ni lengo lenye mipaka.

Kwa wanaokwenda uhandisi kuna mzigo wa ziada ambao wengi huushtukia njiani: hisabati, fizikia na kemia kwa Kichina, hasa muhula wa pili. Kama ulisoma PCM, hapo ndipo una nguvu. Kanuni unazijua, unachokosa ni majina. Likizo ya majira ya baridi, Januari hadi Februari, chukua istilahi hizo ujifunze taratibu: pembetatu, mlinganyo, msuguano, shinikizo. Utakaporudi muhula wa pili, wenzako watakuwa wanatafuta maana ya swali wakati wewe unatafuta jibu.

Walimu wa China wanategemea mwanafunzi awe amelipitia somo la kesho kabla hajaingia darasani. Hawatakuambia kila siku, wanachukulia unajua. Kwa hiyo jioni yako, tuseme saa moja hadi saa tatu na nusu, igawe hivi: kwanza durusu ya leo, pili kazi ya kuandika, na mwisho pitia maneno ya kesho kwa sauti, hata kama huelewi sarufi yake. Kadi za kukumbushia zifanye kidogo kidogo, kwenye foleni ya kantini, ukisubiri basi, kabla ya kulala. Usizirundike Jumapili. Neno lililoonekana leo, keshokutwa na wiki ijayo linakaa. Lililotazamwa mara ishirini usiku mmoja linaondoka na usiku huo.

Hanzi, yaani maandishi ya Kichina, ziandike kwa mkono, hata kama simu inakuandikia. Na usizitazame kama michoro isiyo na mpangilio. Nyingi zina kipande kinachodokeza sauti na kipande kinachodokeza maana. Ukikijua kipande cha 青, ambacho husomeka qīng, basi 请, 清, 情 na 晴 zote zina sauti inayokaribiana, na kinachobadilika upande wa kushoto ni dokezo la usemi, maji, moyo au jua. Ukijifunza vipande kama hivyo hamsini hapa Dar kabla ya safari, mwezi wa Oktoba hutakuwa na maji ya shingo kama wengine.

Toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana ya neno, nazo zina tatizo letu wenyewe. Kiswahili hakina toni. Tunaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ulimi umeshazoea hivyo mno. Mswahili akisoma sentensi ya Kichina, anaikaza kule kule na kuzisahau toni zilizobaki. Kama nyumbani kwenu mnaongea Kisukuma, Kihaya au Kichaga, una bahati, kwa sababu lugha hizo zinatumia kupanda na kushuka kwa sauti na sikio lako linalijua jambo hilo. Kama umekulia Kiswahili kitupu, anza sasa. Sema maneno ya silabi mbili mbili, kwa sababu toni hubadilika zinapokutana, na anayejua toni moja moja tu hukwama kwenye sentensi. Kwa biashara ya mama mdogo peke yake, mǎi ni kununua na mài ni kuuza. Jihadhari pia na silabi zinazoishia n au ng: sisi tunapenda kuzifungia irabu, na Mchina atasikia silabi ya ziada ambayo haipo. Jirekodi, sikiliza, linganisha. Toni ukizikosea miezi miwili ya mwanzo bila kusahihishwa, kuzinyoosha baadaye ni kazi kubwa kuliko kuzijifunza upya, na ndiyo maana hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote wakati mwanafunzi bado yuko mikononi mwangu.

Umeuliza utaishi saa ngapi. Nakuomba usiyatenge maisha na masomo kama mafungu mawili yanayogombania siku moja. Kununua matunda, kutengeneza kiatu, kuulizia kifurushi, kwenda zahanati ya chuo, hayo yote ni mazoezi ya kuzungumza ambayo darasa haliwezi kukupa. Ila China ya leo inakuruhusu uishi bubu. Unalipa kwa kuskani msimbo, chakula unaagiza kwenye simu, mzigo unauchukua kwenye kabati kwa namba. Unaweza kumaliza wiki tatu mjini bila kumsemesha mtu yeyote isipokuwa mwalimu. Kwa hiyo wewe mwenyewe chagua sehemu mbili au tatu ambako lazima ufungue mdomo, na uzirudie hizo hizo: muuza matunda mmoja, fundi viatu mmoja, dirisha moja la kantini. Kabla ya kwenda andaa sentensi tatu. Ukirudi, andika neno ulilolisikia na hukulielewa. Baada ya mwezi muuza matunda atakuwa anakusahihisha bila ada, na atakuwa mtu wa kwanza mjini anayeshangaa usipoonekana.

Kaka na dada zetu waliotangulia watakupokea vizuri sana, Watanzania tuna moyo huo. Wiki mbili za kwanza wakufanyie: laini ya simu, benki, usajili. Kuanzia wiki ya tatu mwombe dada akusindikize lakini wewe ndiye uzungumze, naye asimame nyuma. Na Jumamosi jioni nenda kwao mkapike, mcheke, mzungumze Kiswahili mpaka mchoke. Wapo wanaoshauri wanafunzi wajitenge na Waswahili wenzao ili Kichina kiingie. Mimi siungi mkono ushauri huo. Mtu mwenye upweke hasomi. Siku moja kwa wiki ya lugha yako haiharibu kitu; kinachoharibu ni kula, kukaa darasani na kutembea na Watanzania siku zote saba.

Kupika kila siku usijaribu. Kantini za vyuo ni nafuu, na nyingi zina sehemu ya chakula halali. Tafuta maandishi 清真, qīngzhēn. Angalia saa tu, kwani chakula cha jioni huanza kama saa kumi na moja na ukichelewa unakuta sufuria zimekwisha. Unga wa mahindi usijaze begi, kaskazini mwa China unauzwa, ingawa mwingi ni wa njano. Adhuhuri itaangukia ndani ya mapumziko ya mchana. Ramadhani katika miaka hii inakuja karibu na mwanzo wa muhula wa pili, siku bado ni fupi, kwa hiyo tatizo litakuwa usingizi wa daku zaidi kuliko njaa. Mwezi huo hamishia durusu alfajiri baada ya kula daku, na ulale mapema.

Baridi usiidharau. Tianjin mwezi Januari hushuka chini ya sifuri, na Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Sisi tuliozoea magharibi ya saa kumi na mbili na nusu tunaiona siku imekatwa. Habari njema ni kwamba kaskazini majengo yana mfumo wa kupasha joto kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Machi, kwa hiyo ndani utakuwa na joto kuliko wenzako wa Wuhan au Nanjing, ambako baridi ni ndogo zaidi lakini majengo mengi hayana mfumo huo. Hatari ni kutotoka. Novemba na Desemba ndiyo miezi ninayopokea ujumbe mwingi wa "Mwalimu, nataka kurudi". Toka nje kila siku mchana, hata nusu saa, jua likiwepo. Na ukiona wiki mbili zimepita hulali, huli na hutaki kuona mtu, mwambie mwalimu wa darasa lako waziwazi. Ofisi za wanafunzi wa kigeni zimeshayaona hayo, hutakuwa wa kwanza.

Nimebakiza mama mdogo. Wengi Kariakoo wanapoisikia China wanaisikia kama sehemu moja. Mwonyeshe kwenye ramani: kutoka Tianjin hadi Guangzhou ni zaidi ya kilomita 2,000, mbali kuliko reli yote ya Dar hadi Kigoma, na Yiwu, mji mwingine wa masoko ya jumla, nako ni safari. Huwezi kwenda sokoni kumkagulia mikoba Alhamisi na urudi darasani Ijumaa. Halafu kuna sheria. Wewe utakuwa na kibali cha mwanafunzi. Kazi ya kulipwa bila ruhusa ya chuo na ya uhamiaji ni kosa, lina faini na hata kuwekwa kizuizini, na ufadhili unaweza kwenda nao. Kwa hiyo uwakala wa kamisheni mwambie hapana, kwa heshima, na umpe sababu hiyo ya sheria ili asione ni ubinafsi.

Unachoweza kumpa, tena kwa furaha, ni saa moja kila Jumamosi. Wakati huo akutumie ujumbe wa wauzaji wake uusome, umwambie wanasema nini kuhusu rangi, vipimo, kiasi cha chini na siku ya kusafirisha. Utajifunza namba, bei na adabu za biashara kwa Kichina cha kweli. Mkubaliane tu kwamba ni Jumamosi, na kwamba mwezi wa mtihani hakuna.

Fedha nazo zipange naye na mama kabla ya kuondoka. Posho ya ufadhili wa serikali kwa wa shahada ya kwanza ni yuani 2,500 kwa mwezi, na malazi yamelipiwa. Inatosha kwa mwanafunzi mmoja. Haitoshi kwa mwanafunzi pamoja na michango ya harusi tatu. Taja kiasi unachoweza kutuma na baada ya miezi mingapi, kisha kwenye kila kikao cha michango mama aseme hicho hicho. Beba pia fedha za wiki za kwanza, maana posho inaweza kuchelewa mpaka akaunti ya benki ifunguke.

Wiki zilizobaki zitumie kwa toni, pinyin (Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini), vipande hamsini vya hanzi na maneno 150 ya ngazi ya kwanza ya HSK katika mpangilio wa ngazi sita. Ukiweza kufika Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Konfusio yenye walimu wa Kichina. Hata mtu mmoja wa kukusahihisha matamshi kwa wiki chache ana thamani kubwa. Ukifika China, kusajili makazi polisi ni ndani ya saa 24, na hosteli nyingi hukusaidia. Kama viza yako ni ya X1, yaani ya masomo ya muda mrefu, kibali cha ukaazi uombe ndani ya siku 30, kwa hiyo vyeti vyako halisi na fomu ya udahili viwe kwenye begi la mkononi, visiwe kwenye sanduku. Wakikupa mtihani wa kupanga madarasa, jibu unachokijua tu, usibahatishe. Wapo wanaojivunia kupangwa darasa la juu, kisha Oktoba wanaomba kushushwa. Toni zako zikiwa bado zinayumba, omba darasa la mwanzo kabisa, ukae kiti cha mbele.